Faili yako ya hospitali iko wapi?

Uzi. Mjadala wa afya ukianza tu, upande mmoja unaapa mfumo wa kidijitali umemaliza shida, upande wa pili unasema ni hewa tupu. Swali la mgonjwa haliulizwi: ile faili yangu ya karatasi je?

Kwanza tutenganishe mambo. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hiyo ni bima. Kujisajili huko hakuhamishi faili yako kutoka stoo ya hospitali. Wengi wanachanganya hapa, na wanasiasa wanaacha tu wachanganye.

Halafu kuna ugatuzi. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Mamangu alitolewa uvimbe kwenye titi 2009. Mwaka jana akapata mwingine, daktari akauliza: ule wa kwanza ulikuwa saratani au la? Karani wa rekodi: "Hiyo ilikuwa enzi ya serikali kuu." Ati enzi! Na karatasi zilibaki jengo lile lile.

Faili ikikosekana, usiende nyumbani bado. Hospitali huandika mgonjwa mmoja kwa vitabu kadhaa: rejista ya wodi, ya thieta, ya maabara. Hivi hufuata tarehe, kwa hivyo hata mwezi tu wa kulazwa unasaidia. Jibu la mama tulilipata kwa rejista ya maabara.

Wakikataa? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo kwa serikali. Sheria ya 2016 inasema uombe kwa maandishi, Kiswahili kinakubalika, na ujibiwe ndani ya siku 21. Ikihusu uhai wa mtu, saa 48. Hospitali ya kibinafsi nayo inabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: data yako una haki ya kuiona.

"Imepotea" ya mdomo usiikubali, waambie waandike na wapige muhuri. Wakinyamaza, peleka barua yako kwa Tume ya Haki ya Utawala, au kwa Kamishna wa Data.

Na mgombea akija kwenu na hadithi za tableti na kompyuta, muulize: bajeti ya kuskani faili za zamani ni pesa ngapi, na funguo za ile stoo anazo nani?