Sola ya hapa, sola ya nyumbani: piga hesabu kabla ya kusaini au kutuma

Wiki hii tumeletewa maswali mawili yanayofanana. Ndugu mmoja mwenye nyumba yake hapa Gaithersburg aligongewa mlango Jumamosi na kijana mwenye tableti: "Paneli tunakuwekea bure, wewe saini hapa tu, ofa inaisha leo." Dada mwingine, yeye anapanga apatimenti, ameombwa na mama yake Singida dola 600 za kuweka sola. Fundi keshafika, keshaangalia paa kwa macho, anasubiri hela tu. Wote wawili wanauliza: hii ni kweli au tunapigwa?

Jibu letu ni kwamba sola yenyewe ni kweli, na inafanya kazi. Kinachowaliza watu ni bei na mkataba. Bei ya sola inatengenezwa na vitu vitatu: utafiti, sheria na soko. Ukijua kila kimoja kinakupa nini na kinakunyima nini, huyo kijana wa tableti hatakusumbua, wala fundi wa Singida.

Utafiti: umefanyika jirani yetu

Wengi wetu tunapita I-270 kila siku kwenda kazini bila kujua kwamba sola ya dunia ina historia kwenye barabara hii. Clarksburg, juu kidogo ya Gaithersburg, palikuwa na maabara ya COMSAT, kampuni ya satelaiti. Hapo Joseph Lindmayer alitengeneza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, seli ya sola iliyokamata mwanga vizuri kuliko zilizotangulia. Mwaka 1973 yeye na mwenzake Peter Varadi waliacha kazi wakaanzisha Solarex pale Rockville, kutengeneza sola ya matumizi ya duniani badala ya angani. Baadaye wakajenga kiwanda Frederick, ambacho mwishowe kikawa mali ya BP. Mwaka 2010 BP ikatangaza kuacha kutengeneza paneli hapo. Wakati huo bei zilikuwa zinashuka kwa kasi na uzalishaji ulikuwa umehamia Asia.

Kwa sisi watu wa hesabu, hadithi hiyo ina somo. Miaka ya 1970 wati moja ya sola iliuzwa makumi ya dola. Leo, kwa bei ya jumla, paneli iko chini ya nusu dola kwa wati. Watafiti wa Marekani, Australia na kwingine waliboresha seli, sheria ya Ujerumani ya mwaka 2000 ikahakikishia wazalishaji bei nzuri ya umeme wa jua, na viwanda vya China vikazalisha kwa wingi. Maana yake siku hizi paneli si kitu ghali tena. Ukiona bei kubwa, uliza hela inakwenda wapi: betri, inveta, ufundi, kamisheni ya muuzaji, au riba ya mkopo.

Na je, kwa hali ya hewa ya hapa, inalipa? Taasisi ya NIST, ambayo iko hapahapa Gaithersburg, ilijenga nyumba ya majaribio isiyo na watu. Kompyuta ziliwasha taa, maji ya moto na vyombo kana kwamba inakaa familia ya watu wanne. Kuanzia Julai 2013 hadi Juni 2014 paneli zake zilizalisha uniti 13,577, na mwisho wa mwaka zikabaki uniti 491 juu ya matumizi. Hii ni pamoja na baridi kali ya mwaka ule, ambapo paneli zilifunikwa na theluji na barafu siku 38. Ila nyumba ile ilijengwa kwa kuzibwa upepo na joto kila upande. Ukiweka paneli juu ya nyumba inayovuja joto, usitegemee matokeo yale. Ziba madirisha na dari kwanza, ni rahisi zaidi.

Sheria: angalia tarehe

Hapa ndipo watu wengi wanadanganywa. Tangu 2022 mwenye nyumba aliyenunua sola alipata punguzo la kodi la serikali kuu la asilimia 30. Mfumo wa dola 20,000 ulikupunguzia kodi dola 6,000. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imelifuta kwa mifumo iliyowekwa baada ya Desemba 31, 2025. Muuzaji akikuonyesha karatasi yenye ile asilimia 30 kwa mfumo wa kununua mwenyewe leo, karatasi imepitwa na wakati, au yeye anajua anachofanya. Na hata lilipokuwepo, halikuwa hundi ya kutumiwa. Lilipunguza kodi unayodaiwa tu. Asiyedaiwa kodi ya kutosha hakulipata lote kwa mwaka mmoja.

Sheria hiyohiyo imeacha kwa muda punguzo la kampuni zinazomiliki paneli na kukukodisha. Ndiyo maana sasa hivi milango inagongwa sana kwa ajili ya kukodi. Kampuni inachukua punguzo, wewe unachukua mkataba. Si lazima iwe mbaya, lakini ujue nani anapata nini.

Upande wa Maryland kuna mambo mawili ya kuuliza. La kwanza, umeme unaouzidisha mchana unarudi kwenye gridi na kuhesabiwa kupunguza bili yako. La pili, kwa kila uniti 1,000 unazozalisha unapata cheti kinachouzwa, kwa sababu sheria ya jimbo inawalazimisha wauzaji wa umeme wawe na sehemu fulani ya sola. Ukinunua mfumo, vyeti ni vyako. Ukikodi, kwa kawaida ni vya kampuni. Soma mkataba uone.

Na wewe unayepanga apatimenti usijione umeachwa. Maryland ina sola ya jamii: unajiunga na shamba la sola lililoko mahali pengine, na sehemu ya umeme wake inapunguza bili yako. Ilianza kama majaribio, na sheria ya 2023 ikaifanya ya kudumu. Hakuna paneli ya kufunga. Uliza mambo matatu tu: punguzo ni asilimia ngapi, ukihama inakuwaje, na kuna faini ya kujitoa?

Soko: "bure" ina bei

Turudi kwa kijana wa tableti. Tuseme mkataba ni dola 95 kwa mwezi, nyongeza ya asilimia 2.9 kila mwaka, miaka 25. Dola 95 inaonekana ndogo kuliko bili yako. Lakini mwaka wa 25 utakuwa unalipa karibu dola 189 kwa mwezi, na jumla ya yote ni karibu dola 41,000. Sasa jiulize swali ambalo muuzaji hatakuuliza: utakuwa hapa miaka 25? Wengi wetu tuna mpango wa kurudi nyumbani au kuhamia jimbo lingine. Ukiuza nyumba, mnunuzi akubali kuchukua mkataba huo, au wewe uununue uishe. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kusaini. Ofa inayoisha leo, iache iishe.

Sola ya nyumbani: pima mzigo kabla ya hela

Sasa dada yetu wa Singida. Usianze na bei ya fundi, anza na mzigo. Mwambie mama ataje vitu atakavyowasha. Tuseme taa 5 za wati 7 kwa saa 5: hiyo ni wati-saa 175. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4: 160. Kuchaji simu mbili: 20. Jumla 355 kwa siku.

Jua la kwetu tukilikadiria kama saa 5 za nguvu kamili, na tukitoa asilimia 30 inayopotea njiani, paneli inayohitajika ni kama wati 100. Nunua ya 120 au 150 kwa ajili ya siku za mawingu. Betri ya kawaida isitumike zaidi ya nusu, kwa hiyo unahitaji kama wati-saa 710, yaani betri ya volti 12 yenye Ah 60. Ya litiamu inaweza kutumika kama asilimia 80, hivyo Ah 40 inatosha, na hudumu zaidi. Mama akiongeza friji, hesabu yote inavunjika. Friji peke yake inaweza kula mara tatu ya hivyo vingine vyote. Afadhali mkubaliane mapema.

Sisi wenyewe tulijifunza hili kwa maumivu. Tulituma hela kwa simu, fundi akafunga, picha zikaja WhatsApp zinang'aa. Miezi minane baadaye betri ikafa. Ilikuwa betri ya kuwashia gari, na kontrola hakuna, paneli imeunganishwa moja kwa moja. Mzee alikuwa anakaa gizani na hakutuambia, alisema hataki kutusumbua. Hicho ndicho kilichotuuma kuliko hela.

Tatizo la vifaa hafifu si geni. Kenya ina soko la sola za majumbani tangu miaka ya 1980. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti, wakiwemo Daniel Kammen na Arne Jacobson, walipima paneli zilizokuwa zikiuzwa huko, wakakuta baadhi ya chapa zinatoa umeme pungufu sana kuliko ulioandikwa. Upimaji wa namna hiyo ndio ukazaa viwango vya ubora. Leo orodha ya VeraSol inaonyesha bure mtandaoni seti ndogo za sola zilizopimwa. Kwa mfumo mkubwa kidogo, Kenya fundi awe na leseni ya EPRA. Tanzania, leseni ya EWURA. Omba picha ya leseni kabla ya kutuma hata dola moja.

Bei nayo hufuata sheria. Kenya iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola mwaka 2020, ikaurudisha 2021. Kwa hiyo bei uliyoambiwa na rafiki miaka miwili iliyopita si bei ya leo. Na malipo ya kidogokidogo kwa simu, yaliyoenezwa na kampuni kama M-KOPA tangu 2012, yana faida yake: kifaa kikiharibika kuna mtu wa kumpigia. Ila zidisha. Shilingi 50 kwa siku kwa mwaka ni shilingi 18,250, ukiacha malipo ya kwanza. Linganisha na bei ya taslimu ya kifaa kilekile.

Ukiwa tayari kutuma

Tuma kwa awamu: sehemu ya vifaa, ukilipa dukani moja kwa moja kama inawezekana, na sehemu ya ufundi baada ya wiki mbili za kuwaka. Dai risiti yenye jina la chapa, wati, Ah na miaka ya dhamana. Na kumbuka, tangu Januari 1, 2026 kutuma hela nje kwa kulipa taslimu kunakatwa kodi ya asilimia 1. Ukilipia kutoka akaunti ya benki ya hapa au kadi ya hapa, hukatwi. Kwenye dola 600 ni dola 6, nauli ya bodaboda ya fundi kurudi kukagua.

Mwisho, mpigie mama mwenyewe baada ya mwezi, jioni. Usimuulize kama sola ni nzuri, atakwambia ni nzuri. Muulize saa ngapi taa zilizima jana.