Upatanisho wa Kisarufi Ndani ya Kasha la Kompyuta

Mdogo wangu anauza tilapia Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Mwaka huu ameweka akiba ya dola 450, na anataka kuunda kompyuta yake ya kwanza ya michezo. Nia yake ni kuiweka sebuleni jioni, na vijana wa mtaa walipe kidogo kwa kila mechi ya mpira. Aliponiuliza, "Yaya, nianze kununua nini?", niligundua kwamba swali lake lina sarufi nyingi ndani yake. Makala hii inalijibu kwa msaada wa somo tunalolijua sote katika kitivo hiki: upatanisho wa kisarufi.

Kwanza tuone kwa nini jibu lina uzito. Vipande vya kompyuta hununuliwa Goma, au huagizwa kutoka Kampala na Dubai. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na kinachokuja kwa barabara huchelewa na hupanda bei. Kipande kikishafika Vitshumbi, hakuna njia rahisi ya kukirudisha. Kisipopatana na wenzake kitabaki kabatini, na akiba ya msimu mzima wa samaki itabaki nacho.

Nomino inayotawala

Katika sentensi "kitabu kikubwa kimeanguka", kivumishi na kitenzi havikujichagulia viambishi vyao. Nomino ndiyo iliyoamua. Ndani ya kasha la kompyuta, nomino hiyo ni prosesa, yaani kipande kinachofanya hesabu zote. Ukishaichagua, ubao mama lazima upatane nayo. (Kifaransa husema kadi mama na Kiingereza ubao mama, lugha zote mbili zimekubaliana juu ya umama.) Ubao nao huamua aina ya kumbukumbu itakayochomekwa.

Chukua mfano wa prosesa za AMD. Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, hukaa kwenye soketi iitwayo AM4, na mbao zake hupokea kumbukumbu za DDR4. Ryzen za mfululizo wa 7000, zilizoanza mwaka 2022, hukaa kwenye soketi ya AM5, na mbao zake hupokea DDR5 peke yake. Pengo dogo lililokatwa kwenye ukingo wa kumbukumbu hizi halipo mahali pamoja, kwa hiyo DDR5 haiwezi kuingia kwenye ubao wa DDR4 hata ukiisukuma kwa nguvu.

Intel ina mfano wa kuvutia zaidi. Prosesa za kizazi chake cha 12 hukaa kwenye soketi ya LGA1700 na zinaweza kutumia DDR4 au DDR5, lakini kila ubao kwa kawaida umeshachagua moja. Mwanaisimu atakumbuka neno "rafiki". Tunasema "rafiki yangu amekuja": nomino moja, upatanisho wa aina mbili, na kila nafasi katika sentensi ina wake. Kwa hiyo anayenunua Intel asome jina la ubao hadi mwisho kabla ya kununua kumbukumbu.

Sisi wa Kivu tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Kiswahili chetu cha kila siku kina huruma. Mtu akisema sokoni "kitabu yangu imepotea", tunamwelewa na tunamsaidia kukitafuta. Soketi haina huruma hiyo.

Herufi moja mwishoni

Majina ya prosesa huwatisha wanunuzi, lakini husomeka kama tunavyosoma kitenzi. Neno "atawapikia" tunaligawa: a-ta-wa-pik-i-a. Ile "i" ndogo karibu na mwisho ndiyo inayotuambia kwamba kuna watu watakaopikiwa. Sasa gawa "Ryzen 5 5600G". Ile 5 ya kwanza ni daraja: 3 iko chini yake, 7 na 9 ziko juu. 5000 ni mfululizo. 600 ni cheo ndani ya mfululizo huo. G inasema kwamba prosesa ina uwezo wa kuchora picha ndani yake.

Toa hiyo G, na Ryzen 5 5600 haitaonyesha chochote kwenye skrini mpaka ununue kadi ya michoro. Kwa Intel mambo yamegeuzwa: Core i5-12400 ina michoro yake, ila 12400F haina. Huku herufi inaongeza, kule herufi inaondoa. Ukifika kwenye Ryzen za 7000, nyingi zina michoro midogo bila herufi yoyote. Tusishangae: "ki" ya "kitabu" na "ki" ya "kitoto" hazifanyi kazi ileile. Kiambishi husomwa ndani ya mfumo wake.

Kwa mwenye dola 450, herufi hiyo ni uamuzi mkubwa kuliko yote. Kwa prosesa yenye michoro ndani, mdogo wangu atacheza michezo ya mpira ya miaka michache iliyopita kwa picha za kiwango cha chini au cha kati, na kadi anaweza kuiongeza baadaye. Kwa prosesa isiyo na michoro, hana kompyuta mpaka apate fedha za kadi.

Umbo linalodanganya

Viboko wa Ziwa Edward wanatufundisha kanuni nyingine. Neno "kiboko" lina umbo la KI-VI, lakini tunasema "kiboko amepita", kwa sababu ni mnyama. Anayetazama umbo tu atakosea.

Kompyuta ina viboko wake. Ubao wa B450 una soketi ya AM4, na 5600G itakaa humo bila shida. Lakini mbao hizo zilitoka mwaka 2018, kabla ya prosesa hiyo kuwapo, na programu ya mwanzo iliyomo, iitwayo BIOS, huenda haiitambui. Mashine itawaka feni na skrini itabaki nyeusi mpaka BIOS isasishwe. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako prosesa ikiwa juu ya ubao huohuo.

Kiboko wa pili ni diski nyembamba za umbo la M.2. Diski mbili zinaweza kufanana kwa urefu na upana, moja ikazungumza kwa njia ya SATA na nyingine kwa njia ya NVMe, iliyo na kasi zaidi. Ni maneno mawili yenye tahajia moja, kama "kaa" wa majini na "kaa" la moto. Karatasi ya ubao ndiyo muktadha unaoonyesha ni lipi linalokusudiwa.

Umeme kwanza

Vitabu vingi vya kuunda kompyuta huanza na mchezo unaoupenda. Kwetu, nyumba ikiwa inaishi kwa paneli za jua, hesabu huanza na betri.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwa jina. Ikiwa ni ya risasi na asidi, ni vizuri kutumia nusu tu ili idumu, yaani 1,200. Inveta nayo hula sehemu yake, kwa hiyo tuhesabu 1,000. Kompyuta yenye 5600G bila kadi, pamoja na skrini ya inchi 22, itatumia takriban wati 120 mchezo ukiendelea. Saa 4 za jioni ni wati-saa 480, na zaidi ya nusu inabaki kwa taa na simu za nyumbani. Ongeza kadi kama GeForce RTX 3060, ambayo peke yake imepangiwa wati 170, na jumla itakaribia wati 300. Saa 4 sasa ni 1,200: betri imekwisha kabla ya mechi ya mwisho, na mama amebaki gizani.

Hapa neno moja huwapotosha wengi. Pawasaplai iliyoandikwa wati 650 haitumii wati 650 kila wakati. Hiyo ndiyo mizigo mikubwa kabisa inayoweza kuibeba. Itavuta kile ambacho vipande vinahitaji, pamoja na kinachopotea kama joto. Alama ya 80 Plus inaahidi kwamba angalau asilimia 80 ya umeme inaoupokea itafika kwenye vipande. Mashine ya mdogo wangu inatosheka na wati 450 zenye alama hiyo, na inveta iwe ya wimbi safi.

Kisha kuna joto na moshi. Ziwa Edward liko karibu mita 920 juu ya bahari, chini sana kuliko Goma, na hewa yake ni ya moto. Moshi wa kukaushia samaki una mafuta, na mafuta hushika vumbi kwenye feni. Kasha lenye matundu mbele na chujio linalofulika lina faida kuliko kasha la kioo lenye taa za rangi.

Mpangilio wa kununua

Nilimwandikia mdogo wangu orodha kwa mpangilio huu. Kwanza Ryzen 5 5600G. Pili ubao wa B550 uliowashwa nayo mbele ya macho yake. Tatu kumbukumbu mbili za DDR4 za gigabaiti 8 kila moja. Michoro ya ndani hukopa kumbukumbu hiyohiyo, na mbili zikifanya kazi pamoja hupitisha data kwa kasi kuliko moja ya 16. Nne diski ya NVMe ya gigabaiti 500. Tano pawasaplai, na sita kasha. Skrini na manete mbili zinaweza kuwa za mtumba, kwa sababu hazitawali kitu.

Aliye na orodha tofauti anaweza kuipima kwa njia ileile. Andika kila kipande kwenye mstari wake, na kando yake uandike kinapatana na nani: soketi na soketi, DDR na DDR, diski na nafasi yake, wati na betri. Mstari ukikosa mwenzake, fedha zisitoke mfukoni bado.