Shule ya kanisa ni ya nani?

Washiriki wengi wanatuuliza: shule zinazobeba jina la kanisa letu ni za kanisa ao za serikali? Ni za serikali, na kanisa ndilo linaziongoza. Mwaka 1974 Mobutu aliziondoa shule mikononi mwa makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilifanya mapatano na makanisa, ikayarudishia uongozi. Ndiyo maana mratibu wa shule anatoka katika kanisa, lakini programu, mtihani wa mwisho na mshahara vinatoka kwa serikali.

Mshahara ndio mwiba. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali, pamoja na zetu, ni bure. Primu ambayo wazazi walikuwa wanalipa ilikatazwa. Watoto wakajaa madarasani, wengine wanakaa chini. Lakini mwalimu asiye na namba katika orodha ya serikali hapati mshahara, na sasa hana primu pia. Asubuhi anafundisha, mchana analima shamba ili watoto wake wale. Na tunaposifu hesabu ya waliofaulu mtihani wa darasa la sita, tujue kwamba walioacha shule katika darasa la tatu hawamo ndani yake.

Komite ya wazazi inachaguliwa na wazazi wenyewe. Basi mzazi anaweza kuuliza mkutanoni: pesa za kuendesha shule zilifika ngapi, zilinunua nini, walimu wangapi hawana namba? Direkta anapaswa kujibu.