Je, Wajua? Mkuu wa Mkoa Ametajwa Ndani ya Katiba

Cheo cha Mkuu wa Mkoa nchini Tanzania kimewekwa na Katiba yenyewe, ibara ya 61. Kwa Tanzania Bara, huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Kwa Zanzibar, na Rais wa Zanzibar baada ya kushauriana na Rais wa Muungano.

Cheo hiki kilianza mwaka 1962, Tanganyika huru ilipoachana na wakuu wa majimbo wa kikoloni. Leo mikoa ni 31: Bara 26, Zanzibar 5.

Mkuu wa Mkoa huongoza Kamati ya Usalama ya Mkoa. Pia, Mwenge wa Uhuru, ambao hukimbizwa nchini kila mwaka, unapofika mpakani mwa mkoa wake, yeye ndiye huupokea kutoka kwa mwenzake wa mkoa jirani, ukakimbizwa wilaya kwa wilaya.