Muufo ya Masalani imo kamusini tangu zamani

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Masalani. Mjukuu wangu aliye Gredi ya Sita akaniletea daftari lake la insha. Mada ilikuwa ‘Chakula nikipendacho’. Alikuwa ameeleza jinsi ayeyo wake anavyokanda unga wa mahindi jioni, akauacha uumuke, na asubuhi akabandika madonge kwenye ukuta wa tanuri la udongo hadi yakawa muufo. Neno ‘muufo’ lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu mara nne, na juu yake pameandikwa ‘chapati’. Alama nne zikaenda hivyo. Insha iliyofuata ilihusu kuku na chipsi, chakula ambacho mtoto huyo hukiona mara moja kwa mwaka tukifika Garissa mjini.

Shule sitaitaja, na mwalimu simlaumu sana. Alifanya kile ambacho wengi wetu tulifunzwa: neno usilolijua ni la ‘lugha ya mama’, na la lugha ya mama halina nafasi katika Kiswahili sanifu. Lakini hebu tufungue kamusi kabla ya kufungua kalamu nyekundu.

Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 mna neno ‘mofa’. Ni mkate mdogo wa mviringo wa unga wa mtama, unaookwa tanurini. Watu wa pwani wanaufahamu kwa jina la mkate wa mofa. Sasa linganisha: mofa, muufo. Umbo la mkate ni moja na namna ya kuuoka ni moja. Tofauti ni unga, kwani kwetu mahindi yamechukua nafasi ya mtama, na irabu, kwa kuwa Kisomali kinairefusha mahali ambapo Kiswahili hakifanyi hivyo. Ukivuka Bahari ya Shamu hadi Yemen na Jizan utakuta mofa au mifa, ila huko jina hilo ni la tanuri lenyewe. Jina limehama kutoka kwa chombo hadi kwa kinachopikwa ndani yake. Jambo hili ni la kawaida katika lugha. Hata sisi husema ‘amekula sinia nzima’ na hakuna anayedhani kwamba mtu ametafuna bati.

Tanuri nalo lina ukoo wake. Kisomali husema ‘tinaar’, Kiswahili ‘tanuri’, Kiarabu ‘tannur’, na Waakadi wa Mesopotamia ya kale waliita ‘tinuru’. Kwa hiyo katika sentensi moja ya mtoto wa Masalani mlikuwa na maneno mawili ya safari ndefu. Mwalimu alilipitisha moja na kulikata la pili, ingawa yote mawili yamo kamusini.

Anjera ni kesi tofauti kidogo. Somalia ilipokubali rasmi hati za Kilatini mwaka 1972, herufi c ilipewa kazi ya kuwakilisha ile sauti ya kooni ambayo Waarabu huiita ‘ain’. Ndiyo maana utaona ‘canjeero’ kwenye ukuta wa hoteli na kusikia ‘anjera’ ndani yake. Mgeni husoma ‘chanjero’, watu wakacheka. Kiswahili hakina sauti hiyo, kwa hiyo kimeiacha, kama kilivyoiacha katika ‘Ali’ na ‘asali’. Kuiita anjera ‘chapati’ ni kupotosha msomaji. Chapati ni donge linalosukumwa, likachomwa pande zote mbili. Anjera ni uji mzito uliolala usiku kucha ukachacha kidogo, ukamiminwa kwenye kikaango kwa mzunguko kuanzia katikati, ukafunikwa na kuiva upande mmoja tu. Upande wa juu hubaki na vitundu vidogo, na ni vitundu hivyo vinavyonywa samli na chai.

Nina malalamiko makubwa zaidi kuhusu maziwa. ‘Suusac’, maziwa ya ngamia yaliyochachishwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi, hutafsiriwa ovyo ‘mtindi’ au ‘maziwa lala’. Yeyote aliyewahi kuyanywa anajua kwamba maziwa ya ngamia hayagandi yakawa mazito kama ya ng’ombe. Hubaki mepesi, yanamiminika. Ukimwandikia ‘mtindi’ mtu wa Kisii atafikiria kitu cha kula kwa kijiko.

Kwingineko wamefanyaje? Tazama Cuba, nchi ambayo Wakenya wengi waliikumbuka mwaka 2018 madaktari wake walipoletwa katika kaunti zetu. Jiko la Cuba ni la Wataino waliokuwa pale kabla ya Columbus, la Wahispania, na la Waafrika waliopelekwa utumwani. Mwanaanthropolojia wao, Fernando Ortiz, aliifananisha nchi yake na ‘ajiaco’, mchuzi mzito wa nyama na viazi vya kila aina, na hata jina la mchuzi huo ni Kitaino, ‘aji’ yaani pilipili, lililovishwa kiambishi tamati cha Kihispania.

Bamia wao huiita ‘quimbombó’. Itamke polepole: ki-mbombo. Msomaji wa Kiswahili haitaji profesa kumwonyesha kwamba ‘ki’ ile ni jamaa ya ki- ya ‘kisu’ na ‘kiti’. Neno lilitoka Angola, kwa wasemaji wa Kimbundu, likavuka Atlantiki na watu waliofungwa minyororo. Leo limo katika kamusi ya Akademia ya Kihispania kule Madrid, pamoja na ‘congrí’, wali uliopikwa na maharagwe mekundu, jina ambalo Ortiz alilieleza kuwa limetoka Haiti: ‘congo’ kwa maharagwe na ‘riz’ kwa wali. Hakuna mtoto wa Havana anayekatwa alama kwa kuandika quimbombó.

Nasi tumekula kutoka huko bila kujua. ‘Mbatata’ ya viazi mbatata ni ‘batata’ ya Wataino, iliyoletwa na Wareno. Hilo tulilipokea kutoka upande wa pili wa dunia. Muufo iko umbali wa siku moja ya safari kwa basi kutoka Nairobi, barabara ikiwa kavu.

Si kila neno la jikoni liingizwe, la hasha. Mahali penye neno la Kiswahili linalotosha, litumike: ‘hilib’ ni nyama, ‘bariis’ ni wali, na ‘baasto’, ambayo Wasomali waliichukua kwa Waitaliano, ni tambi tu. Lakini muufo tuiandike mofa, kwa ngeli ya I-ZI: mofa hii, mofa hizi. Anjera ibaki anjera, nayo I-ZI. Nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta yake, iandikwe neno moja bila kistari. Suusac napendekeza ‘susa’, na ifuate ngeli ya maziwa: susa haya yamechacha.

Nilimwonyesha mjukuu wangu ukurasa wa mofa. Akausoma mara mbili. “Awowe,” akaniuliza, “naweza kuipeleka kamusi hii shule?” Nimemwachia.