Jirani Ndiye Mwokozi wa Kwanza
(Matayarisho ya Maafa kwa Watu Wenye Ulemavu na Watoto Wenye Maradhi ya Kudumu: Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza, kwa kadiri nafasi ilivyoturuhusu, namna nchi ya Rungwe ilivyoumbwa: mlima wake mkuu ukaribiao mita 3,000, udongo wake wenye rutuba uliozaliwa na majivu ya volkano, na mvua zake ambazo huku Tukuyu na Mpuguso hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na tukaonya kwamba neema hizo hizo zituotesheazo ndizi, chai na parachichi zaweza, mvua ikizidi kipimo, kuuporomosha mteremko juu ya nyumba zilizo chini yake. Leo twaingia katika jambo ambalo aghalabu hutajwa mwisho wa mikutano, watu wakiwa wamekwisha kuinuka, nalo ni hali ya yule asiyeweza kukimbia, na yule asiyesikia yowe, na mtoto ambaye uhai wake wategemea dawa iliyoachwa ndani ya nyumba.

Mifano hatuna haja ya kuitafuta mbali. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang ulitiririsha tope, mawe na magogo mpaka ndani ya mji wa Katesh, na watu zaidi ya themanini wakafariki. Tarehe 14 Aprili 2024 mlima Kawetele, katika kata ya Itezi jijini Mbeya, ulimeguka ukafukia nyumba na shule. Katika saa kama hizo mwenye viungo vizima hupona kwa wepesi wa miguu yake, je, mwenzake? Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliwauliza maelfu ya watu wenye ulemavu, katika nchi zaidi ya mia moja, kama wangeweza kuondoka mara moja pasipo taabu iwapo maafa yangewafikia, na katika kila mia ni ishirini tu waliojibu kuwa wangeweza, ilhali sabini na mmoja walisema hawana mpango wowote waliojiwekea. Huko Japani, katika tetemeko na gharika ya mwaka 2011, kiasi cha vifo miongoni mwa watu wenye ulemavu kilikuwa kama mara mbili ya kile cha watu wengine, na hayo yalitukia katika nchi isifiwayo ulimwenguni kote kwa hadhari yake.

Karibu nasi zaidi yalitokea mambo ya kuhuzunisha mno. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2022 moto uliunguza bweni la shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono nchini Uganda, na watu kumi na mmoja wakaangamia, wengi wao watoto. Na mwezi uliofuata, mjini Shinyanga, bweni la wasichana la shule ya Buhangija, ileayo watoto wenye mahitaji maalumu, likashika moto nalo, watoto watatu wakafariki. Mtoto asiyeona huijua njia ya mlangoni kwa mikono na kwa hesabu ya hatua zake, na hesabu hiyo huvurugika mara moja joto na moshi vikimzuilia njia aliyoizoea. Kwa hiyo bweni la watoto kama hao lisilo na mlango wa pili waliofundishwa kuupapasa, au lenye madirisha yaliyofungwa nondo zisizofunguka kwa ndani, limekwisha kuwa la hatari kabla moto haujawaka.

Basi, mintarafu ya msaada, na tuseme ukweli. Zimamoto huitwa kwa namba 114 na polisi kwa 112, na kila mtu yampasa azihifadhi namba hizo. Lakini kutoka Mbeya mpaka Tukuyu ni mwendo wa kilomita zipatazo sabini, na kutoka barabara ya lami mpaka vitongojini mwetu ni vijia vya utelezi vipitavyo migombani, ambavyo gari halipiti na pikipiki huserereka. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza, ambayo ndiyo yenye kuamua nani apone na nani afe, iko mikononi mwa jirani. Sheria zetu hazikulisahau jambo hili: Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 11 chayataka mataifa yawalinde watu hao wakati wa hatari, ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifani hata vijijini. Kamati zipo katika sheria. Lililobaki ni kuzipa kazi.

Kazi ya kwanza ni daftari. Katika kila kitongoji na liandikwe jina la kila mtu ambaye hawezi kujiokoa peke yake, nyumba alalayo, msaada autakao, dawa azitumiazo, na majina ya majirani wawili waliokubali kwa hiari yao kumfikia, mmoja aliye karibu mchana na mwingine usiku, maana jirani ashindaye shambani hafai kwa hatari ya adhuhuri. Maneno hayo yatoke kinywani mwa mhusika mwenyewe, au kwa wazazi wake ikiwa ni mtoto, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye ni bega gani linalomwuma akiinuliwa na ni kipi kimtiacho hofu. Na daftari hilo ni amana: lisisomwe hadharani wala kubandikwa ukutani, kwa sababu wamo watu, hasa wenye ualbino, ambao kutangaziwa makazi yao kwaweza kuwaletea balaa kubwa kuliko ile tunayoikimbia.

Kazi ya pili ni kujifunza namna ya kuonya na kubeba. Kiziwi haonywi kwa yowe wala kwa redio. Huonywa kwa kuguswa begani, kwa mwanga wa tochi uwashwao na kuzimwa, au kwa ishara mliyoafikiana mapema. Asiyeona asivutwe mkono, bali apewe kiwiko ashike, na aambiwe kwa sauti tulivu kilichobadilika njiani, kwani mgomba ulioanguka jana usiku umeifuta ramani aliyoijenga kwa miaka. Mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili, akishtuliwa, huenda akajificha uvunguni. Dawa yake ni mazoezi ya mara kwa mara, akiongozwa na mtu anayemjua.

Kiti cha magurudumu hakina kazi katika matope yetu, na hapo yafaa tuikumbuke machela waliyoitumia wazee. Blanketi hutandazwa chini, mwanzi mmoja ukalazwa kwenye theluthi yake, na upande mfupi ukakunjwa juu yake. Mwanzi wa pili hulazwa juu ya mkunjo huo, ukiachana na wa kwanza kwa mapana ya mabega, kisha upande mrefu uliobaki ukarudishwa juu ya miti yote miwili. Uzito wa mgonjwa mwenyewe hulibana blanketi lisifumuke, pasipo fundo wala uzi, na watu wanne huweza kumshusha mteremkoni kwa stara.

Kazi ya tatu ni ya aila zenye watoto wagonjwa. Na uwepo mfuko mmoja usioingia maji, utundikwe karibu na mlango, wenye nakala ya kadi ya kliniki na dawa za juma moja au mawili, zikibadilishwa kabla hazijaharibika. Dawa ya kifafa isikatizwe ghafula, maana degedege laweza kurudi mfululizo. Mtoto mwenye selimundu awekewe maji ya kunywa na nguo nzito, kwa kuwa baridi ya Rungwe na kiu ni vichochezi vya maumivu yake. Insulini, mahali pasipo jokofu, huwekwa katika chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kivulini. Mtoto mwenye utindio wa ubongo alishwe akiwa ameketi wima, hata kambini, asije akapaliwa; na aliyepandikizwa mrija kwa ajili ya kichwa kikubwa, akianza kutapika na kusinzia pasipo sababu, apelekwe hospitali bila kungoja kuche.

Mambo haya yote hayataki fedha nyingi. Yataka mkutano mkuu wa kijiji mmoja, kabla ya mvua za Novemba, uwachague waandishi wa daftari na kutia miongoni mwao watu wenye ulemavu wenyewe. Na yataka vijana wa Chuo cha Ualimu Mpuguso, watakaotawanyika kesho kufundisha pembe zote za nchi, wazizoee taratibu hizi hapa hapa, ili kila shule watakayoishika iwe na zoezi la kutoka mabwenini, mchana na usiku, lisilomwacha mtoto hata mmoja. Namna ya kuliendesha zoezi hilo, na matengenezo ya milango na madirisha yanayolipasa, tutaieleza katika sehemu ya tatu, Mungu akipenda. Wakati huo huo namwomba kila msomaji wa milimani amwendee jirani mmoja wa namna tuliyoitaja, amwulize angependa kusaidiwaje, na ayaandike majibu yake.