Kuvu Katika Mahindi ya Nyumbani: Kwa Nini Kupika Hakutoshi

Soma swali hili kwanza, kisha ujijibu kabla ya kuendelea. *Mama Asha ametoa gunia la mahindi chumbani na kukuta punje nyingi zina ukungu wa kijani. Akazipepeta, akaziosha, akasaga na kupika ugali ulioiva vizuri. Je, ugali huo ni salama? Toa sababu.*

Wanafunzi wangu wengi hujibu kwamba ni salama kwa kuwa joto huua vijidudu. Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu iliyokosekana ndiyo inayopeleka watu hospitali.

Anza na maana. Kuvu si mmea, na ukiandika hivyo umepoteza alama. Haina klorofili, kwa hiyo haijitengenezei chakula. Humwaga vimeng'enya juu ya kitu inachoota, hukimeng'enya nje ya mwili wake, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Ukungu unaouona juu ya mkate au punje ni nyuzi zake pamoja na spora. Spora ni ndogo mno na zimo hewani kila mahali, hata katika chumba kilichofagiliwa. Ili zichipue zinahitaji chakula, joto, hewa na unyevu. Chakula ni mahindi yenyewe, joto la kwetu linaitosha kuvu, na hewa ipo. Kwa mkulima, kitu rahisi zaidi kuinyima kuvu ni unyevu, na hapo ndipo kinga yote inapoanzia.

Sasa tuje kwenye sumu. Kuvu iitwayo *Aspergillus flavus* inapoota kwenye mahindi au karanga hutengeneza sumukuvu aina ya aflatoksini. Jina hilo limetokana na herufi za mwanzo za jina la kuvu yenyewe. Moto wa jikoni unaua kuvu. Sumu, hata hivyo, si kiumbe hai. Ni kemikali, na kemikali haifi. Maji ya ugali huchemka kwa nyuzi 100, ilhali aflatoksini huhitaji zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike. Tena haina rangi wala harufu ya kukuonya, kwa hiyo hata punje inayoonekana safi ndani ya gunia lenye ukungu inaweza kuwa nayo. Ugali wa Mama Asha si salama.

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 kati yao walifariki. Uchunguzi uligundua kwamba kaya zilizohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba zilikuwa katika hatari kubwa zaidi. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nako watu walikufa. Sumu hushambulia ini: mgonjwa hutapika, macho huwa ya manjano, tumbo na miguu huvimba. Anayekula kiasi kidogo kwa miaka mingi haugui ghafla, lakini huweza kupata saratani ya ini.

Kwa nini watu huweka mahindi chumbani? Kwetu yalikaa chini ya dirisha, yakiegemea ukuta, kwa kuogopa wezi. Ushauri wa "jenga ghala nje" haumsaidii mtu anayelala na shaka ya mwizi. Kama ni lazima yawe ndani, kausha kwanza. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo, kwa sababu udongo una spora na unyevu. Geuza mara kwa mara, na jioni yaingize ndani kabla umande haujashuka. Endelea hadi unyevu ufike asilimia 13.5 au chini yake.

Huna kipimo? Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, jaza mahindi hadi theluthi moja, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayafai kuhifadhiwa. Isipoganda, yamekaribia, yape jua zaidi. Njia hii hutokea vizuri katika jibu la maelezo, maana inaonyesha unaelewa jambo lenyewe.

Magunia yapange juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta, usiku wa mvua ukuta usije ukayarudishia unyevu. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa sababu wadudu hukosa oksijeni, lakini haikaushi kitu. Ukifungia mahindi mabichi humo, yataharibika tu.

Dona nayo ina mtego wake. Tunaisifu kwa virutubisho, na ni kweli, lakini sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye kiini na ganda la punje. Kukoboa hupunguza sumu bila kuimaliza. Na punje zilizoharibika usimpe ng'ombe: sumu hubadilika mwilini mwake na kutoka kwenye maziwa. Kuzipikia pombe pia hakuifuti sumu.

Ukungu wa ukutani nyuma ya kabati hufuata kanuni ileile: fungua madirisha mchana, ziba paa linalovuja, sogeza kabati.

Jaribu sasa bila kutazama juu: *Mkulima ameanika mahindi siku mbili, akapima kwa chupa, chumvi ikaganda kwenye kioo. Mvua inakuja kesho, naye ana mfuko mmoja usiopitisha hewa. Mshauri, ukitoa sababu mbili za kibiolojia.* (Alama 6)